Ukoga wa Mawe Katika Maziwa ya Chumvi ya Singida

Maelezo kwa wakulima na wafugaji waishio karibu na maziwa

Karatasi hii yahusu kitu ambacho wengi wenu mmekikanyaga tangu utoto bila kukifikiri, yaani ule utelezi ulio juu ya mawe yaliyozama kandokando ya Ziwa Singida, ambalo wengine huliita Singidani, na Ziwa Kindai. Mtoto aingiapo majini huanguka kwa sababu yake, na mama yake humwambia, "Angalia, mawe yanateleza." Mazungumzo huishia hapo. Lakini utelezi huo ni kitu kilicho hai. Una rangi mbalimbali na jamaa mbalimbali, una mahali upapendapo na mahali usipoweza kukaa. Mtu ajuaye kuutazama aweza kupata habari za maji kabla ya ng'ombe wake kuinamisha kichwa na kunywa, na faida ya kujifunza habari hizi ni hiyo hasa. Maji ya ziwa huweza kuua mnyama mzima wa afya katika muda wa saa chache, na mara nyingi mwenye mnyama hudhani kwamba amelogewa au amepewa sumu na jirani.

Katika karatasi hii tutauita ukoga kila kitu kiotacho juu ya jiwe ndani ya maji, kwa kuwa hufanana na ukoga wa meno. Kile kielekeacho juu ya uso wa maji bila kushika jiwe tutakiita utando. Vitu hivi viwili ni ndugu, walakini sharti visichanganywe, maana hatari yao hailingani.

Chumvi imetoka wapi

Maziwa ya Singida hayana mto uyatokao. Wakati wa mvua, vijito huteremka kutoka vilimani, vikipita juu ya majabali na katika mashamba yenu, navyo huchukua chumvi na magadi kidogo sana, kiasi ambacho ulimi hauwezi kukitambua. Maji hayo yakisha kuingia ziwani hayana njia nyingine ya kutokea isipokuwa juu, kwa jua na upepo. Mvua ya Singida kwa kawaida ni milimita 600 hadi 800 kwa mwaka, nayo hunyesha katika majira moja tu, toka Novemba au Desemba hata Aprili. Lakini jua na upepo vyaweza kutwaa mara mbili ya kiasi hicho na zaidi kutoka katika maji yaliyo wazi. Jua hutwaa maji, huiacha chumvi. Ni sawasawa na chungu kilichosahauliwa motoni: mchuzi hupungua, chumvi hubaki ileile, na mwishowe hauliki.

Litazameni Ziwa Kitangiri, huko Iramba, mpate kuona tofauti. Mto Wembere waingia humo, nao mto Sibiti watoka humo kwenda Ziwa Eyasi. Kwa kuwa Kitangiri lina mlango wa kutokea, chumvi yake husukumwa mbele, na Eyasi, lililo mwisho wa njia, ndilo lipokealo mzigo wote. Ziwa Singida na Ziwa Kindai yako katika hali ya Eyasi, ijapokuwa ni madogo.

Kwa sababu hiyo maji ya maziwa haya hayana tabia moja mwaka mzima. Baada ya mvua nyingi huwa ya chumvichumvi tu, kama yale ya pwani mahali mto unapokutana na bahari katika hori iliyokingwa na mawimbi. Mwezi wa Oktoba huwa makali. Kila kiotacho juu ya mawe lazima kivumilie mabadiliko hayo yote, au kife. Hivyo ndivyo jiwe linavyopata kuwa shahidi, maana halihami. Maji hupanda na kushuka juu yake, na kila hali huacha alama yake.

Jinsi ya kulisoma jiwe

Chagua jabali kubwa lililosimama nusu ndani ya maji na nusu nje, kama yale mengi yaliyotapakaa kando ya Ziwa Singida. Anza kulitazama kutoka juu.

Sehemu ya juu kabisa ina madoa makavu ya kijivu, ya manjano na ya rangi ya machungwa, yaliyoshikamana na jiwe kama rangi iliyopakwa. Huo ni ukoga wa nchi kavu, nao wataalamu huuita kuvumwani. Hukua polepole mno, wala hauwezi kustahimili kuzamishwa muda mrefu katika maji ya magadi. Basi madoa hayo yanapoanzia, jua kwamba maji hayajafika hapo kwa miaka mingi. Mtu atakaye kujenga nyumba au zizi karibu na ziwa, na atazame kwanza madoa hayo yanaanzia kimo gani, kisha ajenge juu ya kimo hicho. Mvua kubwa za mwaka 1997 na 1998 ziliyainua maziwa mengi ya Afrika Mashariki, na waliokuwa wamejenga chini waliona hasara.

Chini ya madoa hayo pana mkanda mweupe. Ni chumvi na chokaa zilizoachwa maji yaliposhuka, zikichanganyika na mavi ya ndege. Mkanda huu huonyesha maji yalifika wapi katika miaka ya karibuni.

Chini yake tena, karibu na maji, mara nyingi kuna mkanda mweusi, mkavu, ulio kama masizi ya sufuria. Usidhani umekufa. Ukiumwagia maji na kungoja, huvimba, hugeuka kijani kilichoiva na kuteleza. Ni vijimea vidogo sana ambavyo wataalamu huviita sianobakteria. Kwa ukoo ni bakteria, lakini hujilisha kwa mwanga wa jua kama majani yafanyavyo. Wamejifunga katika ute wao wenyewe, na ute huo huwalinda na jua la kiangazi hata mvua irudi. Mkulima aliyezoea kuona mbegu zikingoja mvua ardhini hatastaajabu.

Sasa tia mkono ndani ya maji. Hapo utagusa ngozi ya kahawia, laini, itelezayo kuliko yote. Hao ni dayatomu, vijimea vyenye magamba ya kitu kama kioo. Ukiikwangua ngozi hiyo na kuisugua katikati ya vidole baada ya kukauka, utasikia chembechembe kama za unga wa jiwe. Magamba yao hayaozi. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil nchini Kenya, kuna udongo mweupe mwepesi uliochimbwa miaka mingi kwa matumizi ya viwandani, na udongo ule wote ni magamba ya dayatomu wa ziwa la zamani. Ukoga huu wa kahawia ni chakula. Konokono huukwangua, na samaki kadhalika. Katika Ziwa Natron wako samaki wadogo wa jamaa ya perege waishio kwa kukwangua mawe karibu na chemchemi za magadi. Heroe nao, wale ndege wa rangi ya waridi waonekanao katika maziwa yenu, hula dayatomu za matopeni wakati chakula chao kingine kinapokosekana.

Mahali kijito kiingiapo, au maji baridi yatokapo katika nyufa za mwamba, mara nyingi utaona nyuzi za kijani zimeshika jiwe, ndefu kama nywele, zikipepea majini. Nyuzi hizo hupenda maji yasiyo makali sana. Zikionekana pamoja na konokono, ni dalili kwamba chumvi ya mahali hapo ni kidogo. Hapo pia yafaa kuwa na hadhari ya namna nyingine, maana katika maji baridi baadhi ya konokono hubeba kichocho, na mtoto achezaye humo aweza kuambukizwa. Maji matamu nayo yana adui zake.

Kadiri chumvi izidivyo, jamaa za ukoga hupungua. Kwanza huondoka konokono, kisha nyuzi za kijani, hata mwisho hubaki ngozi nyembamba ya aina moja au mbili tu. Lakini aina hizo chache, zikiwa hazina mshindani, huweza kuzaana kupita kiasi. Mkumbuke jambo hili, maana ndilo lituletealo habari ya hatari.

Alama moja zaidi. Ukoga wahitaji mwanga. Pima kwa shubiri, toka uso wa maji kwenda chini, mkanda wa ukoga wakoma wapi. Ukifika shubiri nne au tano, maji ni maangavu. Ukikoma shubiri moja tu, na chini yake jiwe ni tupu au lina tope, maana yake mwanga haupenyi, kwa sababu maji yamejaa udongo au yamejaa vijimea vielekeavyo. Ni ipi katika hizo mbili, rangi ya maji itakuambia.

Upepo na ghuba zilizokingwa

Katika nyanda za Singida upepo mwingi hutoka mashariki. Basi mawe ya upande wa magharibi hupigwa na mawimbi, na kila kielekeacho husukumwa kwenda huko. Mahali pa wazi mawimbi husugua mawe na kuyaacha karibu safi. Lakini katika ghuba ndogo, au nyuma ya majabali yaliyopangana kama ukuta, maji hutulia. Hapo ukoga hunenepa, na kila kilicholetwa na upepo hukusanyika wala hakitoki. Kwa bahati mbaya, mahali hapo ndipo ng'ombe wapendapo kunywa. Pana mteremko mzuri, maji ni ya kimya, na mchungaji hupata kivuli cha jabali.

Utando uuao

Miongoni mwa sianobakteria wako waishio juu ya mawe, na wako waelekeao. Wale waelekeao wana vifuko vya hewa ndani yao, hata huweza kupanda na kushuka katika maji. Usiku wa kimya hupanda juu, na alfajiri huonekana kama rangi ya kijani iliyomwagwa. Upepo ukiamka huwasukuma mpaka ukingoni, wakakusanyika kuwa utando mzito.

Si wote walio wabaya. Chakula kikuu cha heroe mdogo ni aina mojawapo iitwayo spirulina, na huko Chad wanawake wa kabila la Wakanembu huichota katika vidimbwi vya magadi karibu na Ziwa Chad, huianika mchangani, na kuifanya mikate iitwayo dihé itumikayo katika mchuzi. Lakini aina nyingine hutengeneza sumu, na jicho la mtu haliwezi kuzitenga. Hata ziwa lililozoewa na ndege laweza kugeuka. Mwaka 2004 heroe wengi walikufa katika Ziwa Manyara, na wataalamu waliochunguza maji walivihusisha vifo hivyo na sumu ya vijimea hivi. Ikiwa ndege aliyezaliwa kwa chakula hicho aweza kufa kwacho, ng'ombe atasalimikaje?

Habari ya kwanza ya jambo hili iliyoandikwa kwa uchunguzi yatoka mbali, lakini mahali penyewe pafanana na kwetu. Mwaka 1878 George Francis, mkazi wa Adelaide nchini Australia, aliandika katika gazeti la Nature habari za Ziwa Alexandrina. Ziwa hilo li karibu na mahali mto Murray uingiapo baharini. Limekingwa na bahari, na maji yake yalikuwa ya chumvichumvi. Mwaka ule maji ya mto yalikuwa machache na joto lilikuwa kali. Utando ukaota, upepo ukausukuma pwani, ukawa mzito kama rangi ya mafuta, unene wake toka inchi mbili hata sita. Kondoo walioyanywa maji yale walikufa kwa saa chache, na farasi kwa muda usiozidi siku moja. Maji machache, joto, kimya, kisha upepo wa kuelekea upande mmoja: hali hizo nne mnazijua ninyi wenyewe kila mwaka kabla ya mvua.

Wala ukoga wa mawe hauna usalama kamili. Mwaka 2005, katika mto Hutt huko Nyuzilandi, mbwa walikufa baada ya kula mabonge meusi ya ukoga yaliyobanduka katika mawe na kutupwa ukingoni. Mkiona mabonge kama hayo, yakinuka kama udongo uliooza, zuieni mbwa na watoto wasiyachezee.

Vipimo vitatu vya nyumbani

Kipimo cha kwanza ni cha kijiti. Chukua kijiti kirefu, ukitie katika ule ukijani, kisha ukiinue polepole. Ikiwa nyuzi zimening'inia kama nywele zilizolowa, huo ni mwani wa kawaida, nao kwa kawaida hauna sumu. Ikiwa kijiti kimetoka kimepakwa rangi, kama kilichochovywa katika ndoo ya fundi, huo ni utando wa sianobakteria. Usiutie mkono.

Kipimo cha pili ni cha chupa. Jaza chupa nyeupe maji ya ziwa kwa robo tatu, uyateke chini kidogo ya uso wa maji, ukiwa umevaa mfuko wa plastiki mkononi. Iache chupa mahali pa kimya usiku kucha bila kuitikisa. Asubuhi, ukijani ukiwa umetulia chini, hofu ni ndogo. Ukiwa umepanda juu na kufanya pete shingoni mwa chupa, maji hayo yasinyweshwe. Kipimo hiki hakisemi kama sumu imo au haimo. Chasema tu kwamba waweza kuitengeneza wamo. Mwenye busara hangoji ushahidi zaidi, maana ushahidi wenyewe ni mzoga.

Kipimo cha tatu ni cha chumvi. Pima lita moja ya maji, iache itulie, uchuje kwa kitambaa, kisha uchemshe katika sufuria safi mpaka yakauke. Kwangua unga uliobaki, uupime kwa kijiko cha chai kilichosawazishwa, ambacho kwa chumvi ni gramu 5 au 6. Kipimo hiki si cha maabara, lakini chatosha kwa shughuli ya zizini. Maji yenye chumvi isiyofika gramu 3 katika lita moja, yaani nusu kijiko, ng'ombe huyanywa bila shida kubwa. Kati ya gramu 3 na 5 huweza kuhara mwanzoni hata azoee. Yakipita gramu 5, wenye mimba na wakamuliwao watafutiwe maji mengine. Yakipita 7 ni hatari kwa wote, na yakipita 10 hayafai kabisa. Bahari ina gramu 35 hivi, mpate kulinganisha. Kondoo na mbuzi huvumilia kupita ng'ombe, lakini msiwajaribu bila sababu.

Kuna neno la kuonya hapa. Kuchemsha maji huua vijidudu vya kuhara, lakini hakuondoi sumu ya utando, wala hakuondoi chumvi; kunaizidisha. Kadhalika maji maangavu ya kisima si lazima yawe mema. Singida ni mojawapo ya mikoa yenye madini ya floridi mengi katika maji ya ardhini, ndiyo yatiayo meno ya watoto madoa ya kahawia, na hakuna ukoga wala rangi iwezayo kuyaonyesha. Hayo yapimwe na wataalamu wa maji. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Kati iko Singida mjini.

Mnyama akipatwa

Dalili hutokea upesi. Mnyama hutetemeka, huyumba, hushindwa kusimama, hupumua kwa shida. Huweza kufa kabla ya kufika nyumbani. Sumu ya namna nyingine huharibu ini, na mnyama hudhoofika siku moja au chache kabla ya kufa. Tazama midomo na miguu: mara nyingi ina rangi ya kijani. Waliopona huweza kuungua ngozi kwa jua, hasa penye manyoya meupe, kwa kuwa ini lao limeharibika.

Hakuna dawa ya kuiondoa sumu hii. Liondoe kundi lote majini mara moja, uliweke kivulini, ulipe maji mengine safi, na kumwita afisa mifugo wa kata. Aliyekufa asipasuliwe wala asiliwe. Msisitize jambo hilo hata kama jirani wanakuja na visu, kwa maana kimeta nacho huua ghafula, nao watu waliochuna ngozi ya mnyama wa kimeta wamekufa. Mzoga uachwe mpaka mtaalamu auone.

Kazi ya mkulima

Huenda msomaji akasema kwamba yeye ni mkulima wa alizeti na vitunguu, hana ng'ombe, na habari hizi hazimhusu. Zamhusu. Vijimea vya majini hula kitu kilekile kilacho mtama wake. Udongo wa juu uchukuliwao na mvua, samadi iliyorundikwa mteremkoni, mbolea ya dukani iliyotiwa siku moja kabla ya dhoruba, vyote hushuka ziwani na kuulisha utando. Wazee wa Kinyaturu walijua thamani ya samadi tangu zamani, wakaitia katika mashamba ya uwele na mtama yaliyozunguka nyumba zao. Kila debe la samadi lishukalo ziwani limeibwa shambani, kisha likatumiwa kumtilia jirani sumu.

Yafaa basi matuta na makinga maji yakate mteremko kwa usawa, yasifuate mteremko. Yafaa ukanda wa nyasi uachwe kati ya shamba na maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za watu katika mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto, na wengi huilaumu kwa sababu udongo wa ukingoni ni mweusi na wavutia. Lakini udongo huo una magadi. Mtu akipanda vitunguu hapo, au akimwagilia kwa maji ya ziwa, atavuna mwaka wa kwanza, pengine na wa pili. Kisha majani yataungua pembeni, na udongo utafunga kama sakafu iliyopigwa, maji yakae juu bila kuingia. Kurekebisha udongo wa namna hiyo ni kazi kubwa kuliko kufyeka shamba jipya. Kwa sababu hiyohiyo, msichukue ukoga uliotupwa ukingoni mkaufanya mbolea.

Kwa mifugo, njia bora ni kuwaondoa ukingoni kabisa, maana wakisimama majini hunya humo humo. Chimbeni kisima katika mchanga wa kijito, juu kabla hakijafika ziwani, mjenge na birika la kunyweshea. Na ninyi mna mali moja ambayo wengine hawana, nayo ni majabali. Huko Kitui, nchini Kenya, watu hujenga ukuta mdogo wa mawe na saruji chini ya mwamba mkubwa ulio wazi. Mvua ishukayo juu ya mwamba hukusanywa na kupelekwa katika tangi. Milimita 10 za mvua juu ya mwamba wenye upana na urefu wa mita 20 kwa 20 ni lita 4,000, na hata zikipotea lita 1,000, zinazobaki ni madebe 150. Maji hayo hayana magadi.

Swali la mwani wa Unguja

Tangu mwaka 1989, watu wa Paje na Jambiani huko Unguja, na walio wengi ni wanawake, wamelima mwani wa biashara kwa kuufunga katika kamba baharini. Yaelekea mtu wa Singida aliyetembea huko atauliza: ziwa letu nalo ni la chumvi, mawe yapo, ghuba zilizokingwa zipo, kwa nini tusipande?

Haiwezekani. Mwani ule wataka maji ya bahari yenye chumvi isiyobadilika sana. Hata huko Unguja, mvua kubwa ikishusha chumvi ya maji ya ukingoni, mwani huugua na kukatika. Maziwa yenu hubadilika kutoka majira hata majira, na chumvi yake si ile ya bahari, bali imechanganyika na magadi mengi. Atakayekuja kuwauzia mbegu ya mwani mpande Kindai, mwambieni aweke kamba yake mwenyewe kwanza, mngoje mwezi mmoja.

Kilicho rahisi ni hiki. Mwezi wa Septemba kila kijiji kilicho kando ya ziwa kichague jiwe moja karibu na mahali pa kunyweshea, upande wa magharibi. Kitie alama ya rangi nyeupe kila urefu wa mkono, toka chini hata juu. Mchungaji mmoja apewe kazi ya kulitazama kila asubuhi, kabla upepo haujaamka, akiwa na kijiti chake: maji yako alama ya ngapi, ukoga wa mawe wakoma shubiri ngapi chini, na kama utando umefika. Akiuona utando, apige mbiu kabla mazizi hayajafunguliwa.